Seva ya michezo nyumbani: Jinsi mji wa watoto wa Ukunda unavyoweza kudumu

MPWA wangu alifuta programu moja tu katika simu ya mamake ili apate nafasi ya picha za harusi. Programu yenyewe ilikuwa mchezo wa kujenga kwa vitofali, na ndani yake mlikuwa na mji ambao watoto wanne wa mtaa wetu hapa Ukunda waliujenga kwa kupokezana simu hiyo likizo nzima ya Desemba. Ulikuwa na barabara ya Likoni, feri, mibuyu ya Diani na hata Msikiti wa Kongo, ule ulio penye mlango wa Mto Mwachema.

Jioni aliirejesha programu hiyo. Mji haukuwapo. "Mjomba, mji umeenda wapi?" aliniuliza, nami sikuwa na jibu ila ukweli: katika simu nyingi za siku hizi, programu ikifutwa huondoka pamoja na kila kilichokuwa ndani yake.

Makala haya yametokana na swali hilo. Yanaeleza jinsi familia ya kawaida ya Kwale, yenye kipakatalishi kikuukuu na ruta ya Wi-Fi, inavyoweza kujiundia seva ya michezo nyumbani, ili dunia wanayoijenga watoto ipate makao yasiyotegemea simu ya mtu yeyote. Mfumo nitakaoutumia, FreeBSD, haujulikani sana hapa kwetu. Sababu za kuuchagua nitazieleza, na kasoro zake pia sitazificha.

Daftari la mchezo

Seva si mtambo wa ajabu. Ni tarakilishi yoyote ambayo kazi yake ni kungoja kuulizwa na kujibu. Katika mchezo wa watu wengi, seva ndiyo inayoshika daftari: nani yuko wapi, nani ameweka jiwe gani, mlango upi umefunguliwa. Simu za wachezaji huonyesha tu picha ya yale yaliyoandikwa katika daftari hilo. Simu ikipotea, ikiibwa au ikijaa, daftari halijaguswa.

Michezo mingi mashuhuri huziweka seva zake ng'ambo, na mchezaji wa Pwani mara nyingi hujikuta akihudumiwa kutoka Ulaya. Hapo ndipo anapopata hasara ya kwanza, nayo ni ya masafa. Mwanga hupita ndani ya kebo ya kioo kwa kasi ya takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Tuchukulie kwamba njia ya kebo kutoka Mombasa hadi kwenye seva hiyo ni kilomita 10,000. Kwenda ni milisekunde 50 na kurudi ni 50 nyingine, kabla ya kuhesabu muda unaopotea katika vituo vya njiani. Sehemu moja ya kumi ya sekunde yaonekana kuwa kitu kidogo, lakini katika mchezo wa soka au wa kulenga shabaha, mlinda lango anayeuona mpira baada ya muda huo huwa amekwisha kufungwa. Ndani ya nyumba safari hiyo huchukua milisekunde chache tu.

Wakongwe wa mtandao watakumbuka kwamba hali iliwahi kuwa mbaya zaidi. Kabla ya kebo za TEAMS na SEACOM kufika Mombasa mwaka wa 2009, na EASSy mwaka uliofuata, Kenya ilitegemea setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 angani. Swali na jibu lake vilichukua takriban nusu sekunde. Isitoshe, ujumbe kutoka kwa kampuni moja ya intaneti ya Nairobi kwenda kwa nyingine ya Nairobi hiyo hiyo uliweza kupanda angani, kushuka ng'ambo na kurejea kwa njia ile ile.

Ni kwa sababu hiyo ambapo mwaka wa 2000 kampuni za intaneti, chini ya muungano wao wa TESPOK, zilianzisha kituo cha kubadilishana data cha KIXP. Kilifungwa kwa amri ya mdhibiti wa mawasiliano mwaka huo huo, kikafunguliwa tena mwaka wa 2002. Hoja ya waanzilishi ilikuwa nyepesi: mazungumzo ya majirani hayana haja ya kupitia ughaibuni. Seva ya nyumbani ni hoja hiyo hiyo iliyoteremshwa hadi sebuleni.

Umuhimu wake ulionekana wazi Mei 12, 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa Afrika Kusini na intaneti ikazorota katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Ruta za nyumbani hazikuzimika siku hiyo. Wi-Fi ilikuwapo, kilichokosekana ni njia ya kutokea nje. Watoto ambao seva yao iko chini ya meza ya runinga wangeendelea kujenga bila kujua kwamba kuna lililotokea baharini. Halikadhalika siku bandeli inapokwisha, kwa kuwa mchezo unaozunguka baina ya ruta, seva na simu zilizo ndani ya ua mmoja hauli bandeli hata kidogo.

Mchezo wenyewe

Nimechagua mchezo uitwao Luanti. Ulianzishwa mwaka wa 2010 na Perttu Ahola, mtayarishaji programu wa Finland, ukiitwa Minetest, na ukabadilishwa jina Oktoba 2024. Jina jipya limechezea neno la Kifini lenye maana ya uumbaji na jina la Lua, lugha ya programu iliyobuniwa nchini Brazil mwaka wa 1993, ambayo ndiyo hutumiwa kuongezea mchezo huu mambo mapya. Kwa Kireno, lua ni mwezi.

Ni mchezo wa vitofali unaofanana na Minecraft, ila ni wa bure, na yeyote anaweza kuuchunguza, kuubadilisha na kuugawa. Unapatikana kwa simu za Android na kwa tarakilishi. Jambo hilo ni la maana sana, kwa sababu nyumba nyingi za Kwale zina simu tatu au nne lakini tarakilishi moja, kama ipo. Minecraft yenyewe ni mchezo mzuri, lakini kila mchezaji sharti ainunue, na katika hali yake ya kawaida seva ya tarakilishi huhitaji intaneti ili kuthibitisha akaunti za wachezaji. Hiyo yatosha kuiondoa katika orodha yetu.

Luanti hasa ni jukwaa. Juu yake huwekwa mchezo mmoja kati ya mingi. Ule wa msingi, Minetest Game, ni mtulivu. Hauna mazimwi wala maadui, ila ardhi, maji, miti na mawe. Kwa watoto wanaotaka kujenga, na kwa mashine iliyochoka, huo unafaa kuliko ile mizito.

Kwa nini FreeBSD?

Mfumo endeshi ndio programu mama ya tarakilishi, inayoziwezesha programu nyingine zote kufanya kazi. Wengi wetu tunaijua Windows. Wanafunzi wa vyuo wanaijua Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 1991. FreeBSD ni ya ukoo mwingine: ilichipuka kutokana na kazi ya Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka wa 1993.

Ingawa jina ni geni, mfumo huu si mgeni kabisa katika mitaa ya Ukunda. Mashine ya PlayStation 4, iliyotoka mwaka wa 2013 na ambayo vijana huilipia kwa mchezo mmoja mmoja katika mabanda ya burudani, huendeshwa kwa mfumo uliotokana na FreeBSD. Kampuni ya Netflix pia huutumia katika seva zinazowapelekea watazamaji filamu.

Nembo yake, wazee wasishtuke, ni duara jekundu lenye pembe mbili. Ni mchezo wa maneno tu: katika ulimwengu wa mifumo hii, programu inayofanya kazi chinichini bila kuonekana huitwa kwa jina linalofanana na pepo la Kiingereza. Hakuna uganga.

Nikisema kweli, Linux ingeifanya kazi hii vizuri vile vile. Kilichonivuta kwa FreeBSD ni mfumo wa kuhifadhi data uitwao ZFS, ambao huja pamoja nayo na huwekwa kwa kuchagua mstari mmoja wakati wa usakinishaji. ZFS huweza kuipiga diski picha kwa nukta moja ya wakati, ndani ya sekunde, na kuihifadhi hali hiyo hata mambo yakibadilika baadaye. Mtoto akiuteketeza mji wa wenzake kwa hasira siku ya Jumamosi, mji wa Ijumaa bado upo. Kwa mtu aliyekwisha kuulizwa swali na mpwa wake kama nilivyoulizwa mimi, sifa hiyo inatosha.

Aidha, mwongozo wake umeandikwa kama kitabu kimoja kinachotolewa bure, ambacho waweza kukipakua mara moja na kukisoma nyumbani bila mtandao.

Kasoro nazo zipo. Kwa miaka mingi FreeBSD imekuwa nyuma katika kuzitambua kadi za Wi-Fi, hivyo ni salama zaidi kuiunganisha seva kwa ruta kwa waya. Si kikwazo kikubwa, maana seva haitembei. Simu zitaendelea kutumia Wi-Fi kama kawaida. Kasoro ya pili ni ya kijamii. Ukikwama, fundi wa tarakilishi aliye karibu nawe huenda hajawahi kuuona mfumo huu. Itakubidi usome, tena kwa Kiingereza mara nyingi. Asiyependa kusoma na achague Linux.

Mashine na usakinishaji

Mashine inayofaa ni kipakatalishi cha zamani chenye RAM ya gigabaiti 4 na tundu la waya wa mtandao. Hakikisha ni cha biti 64, kwa sababu kuanzia toleo la 15 FreeBSD haisakiniki tena kwenye tarakilishi za kawaida za biti 32. Vipakatalishi vya aina hii havijaadimika: Microsoft ilikomesha huduma kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025, na vingi haviwezi kupokea Windows 11. Vimebaki kabatini vikivuta vumbi.

Ninapendekeza kipakatalishi badala ya tarakilishi ya mezani kwa sababu ya betri. Hata betri inayodumu dakika kumi huiokoa seva stima inapopepesa, na Wakenya hawahitaji kukumbushwa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya nchi ilipoingia gizani. Pwani ya Diani ina kisa chake cha ziada. Mbega na nyani wengine hupita juu ya miti na nyaya, na shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa mwaka wa 1997, limekuwa likishughulikia ufunikaji wa nyaya na ukataji wa matawi ili wanyama hao wasiuawe na umeme. Betri ndani ya mashine ni bora kuliko kinga nyingi za kununua.

Kwanza pakua taswira ya FreeBSD ya aina ya memstick, mahali penye intaneti nzuri, kisha uiandike kwenye flashi kwa programu kama vile Win32 Disk Imager. Kila kitu kilichomo kwenye flashi hiyo kitafutika, na vivyo hivyo diski ya kipakatalishi wakati wa kusakinisha. Basi toa picha na nyaraka zako mapema.

Washa kipakatalishi kwa flashi hiyo. Utaulizwa maswali: jina la mashine, nywila ya msimamizi mkuu, eneo la saa. Ukifika kwenye diski chagua Auto ZFS. Ikiwa RAM ni chini ya gigabaiti 4, chagua Auto UFS, ambao ni mwepesi zaidi. Basi utaweka nakala kwa mkono. Mwishoni ongeza mtumiaji wa kawaida, tumwite mchezo. Mchezo usiendeshwe kamwe na msimamizi mkuu, kwa kuwa programu yenye dosari ikivamiwa, mvamizi hupata mamlaka ya yule aliyeiendesha.

Mashine ikishawaka upya, hutaona madirisha wala picha, ila skrini nyeusi yenye maandishi. Usidhani imeharibika. Seva haihitaji madirisha. Ingia kama msimamizi mkuu na uandike:

pkg install luanti

Ikiwa kifurushi hakionekani kwa jina hilo, kitafute kwa jina la zamani, minetest. Pakua pia Minetest Game na uiweke ndani ya folda ya games ya mtumiaji wetu. Hii ndiyo hatua ya mwisho inayohitaji intaneti. Sasa ingia kama mchezo na uanzishe dunia:

luanti --server --world /home/mchezo/ukunda --gameid minetest

Ukiona maandishi yanayotaja namba 30000, seva inasikiliza. Namba hiyo ndiyo mlango wake. Tarakilishi moja ina milango mingi, na kila huduma hukaa penye wake. Ili seva ijiwashe yenyewe kila stima inaporudi, fungua ratiba ya mtumiaji huyo kwa amri ya crontab -e na uongeze mstari mmoja unaoanza kwa neno @reboot, ukifuatwa na /usr/local/bin/ iliyounganishwa na amri ile ile ya hapo juu.

Anwani ya kudumu

Ruta huzipa mashine za nyumbani anwani, na huweza kuzibadilisha. Seva inayobadilisha anwani ni kama duka linalohama kila usiku. Ipe anwani ya kudumu kwa kuandika katika faili ya /etc/rc.conf mstari kama huu:

ifconfig_re0="inet 192.168.1.10 netmask 255.255.255.0"

Hapo kuna jambo linalowachanganya waliotoka Linux. FreeBSD huiita kadi ya mtandao kwa jina la kiendeshi chake: re0 kwa kadi nyingi za Realtek, em0 kwa nyingi za Intel. Andika ifconfig peke yake uone yako inaitwaje. Angalia pia ruta yako inatumia anwani za aina gani, kwani si zote zinazoanza kwa 192.168.1.

Katika simu, mtoto hufungua Luanti, huchagua kujiunga na mchezo, huandika anwani hiyo na namba 30000, kisha jina na nywila yake. Mara ya kwanza atasubiri kidogo seva inapoitumia simu picha na sauti za mchezo. Hana haja ya kusakinisha kingine. Seva na simu zikiwa na matoleo yanayoanza kwa 5, kwa kawaida huelewana.

Usalama wa watoto usipuuzwe. Faili ya mipangilio ya Luanti ina mistari michache ya kuzingatia: disallow_empty_password iwe true ili asiwepo mtu asiye na nywila, enable_pvp iwe false ikiwa hutaki ugomvi, na server_announce ibaki false ili seva isitangazwe katika orodha ya dunia nzima. Kuna pia motd, maneno ya kumkaribisha anayeingia. Yetu yanasema: Karibu, piga hodi kabla ya kuvunja ukuta wa mtu.

Chumvi, mijusi na tokeni

Mwongozo wa FreeBSD hautaji upepo wa bahari. Katika nyumba zilizo karibu na ufuo, tangu Diani hadi Msambweni, hewa hubeba chumvi, na chumvi pamoja na unyevu wa masika hula shaba na chuma bila huruma. Feni ya kipakatalishi huivuta hewa hiyo mchana kutwa. Iweke seva upande wa nyumba usioelekea bahari, mbali na dirisha, juu ya rafu na si sakafuni. Usiifunike kwa kitambaa ukidhani unaikinga. Utaichemsha, hasa wakati wa kaskazi. Pangusa matundu ya feni kila mwezi. Nyumba iliyo juu Shimba Hills ina nafuu ya joto na ya chumvi.

Wadudu na mijusi wa nyumbani hupenda joto la mashine. Sisimizi huingia hata ndani ya chaja. Chaja ining'inie, isilale chini.

Kuhusu stima, kipakatalishi kinachofanya kazi nyepesi hutumia takriban wati 20. Kikiwashwa usiku na mchana, hiyo ni yuniti 0.48 kwa siku, au 14.4 kwa mwezi wa siku 30. Si kidogo kwa nyumba ndogo: katika viwango vilivyoanza Aprili 2023, daraja la bei nafuu kwa nyumba liliishia yuniti 30 kwa mwezi, na seva peke yake ingekula karibu nusu yake. Kwa hivyo tuliamua iwake saa nne tu kwa siku, baada ya shule na kazi za nyumbani. Matumizi yakashuka hadi yuniti 2.4 kwa mwezi. Uamuzi huo pia ulimaliza mabishano ya saa ya kulala, faida ambayo sikuitarajia.

Zima kwa amri ya shutdown -p now, usivute waya. Iwapo stima na betri vitakwisha pamoja, usiwe na hofu kubwa: Luanti huandika mabadiliko ya ramani kwenye diski kila baada ya sekunde chache, na kwa kawaida kitakachopotea ni kazi ya muda huo mfupi.

Kila Ijumaa msimamizi mkuu apige ile picha ya diski tuliyoizungumzia:

zfs snapshot -r zroot/home@ijumaa

Badilisha neno la mwisho kila juma, kwa kuwa mfumo haukubali picha mbili za jina moja. Lakini tahadhari, na hapa ndipo wengi hukosea. Picha hiyo iko katika diski ile ile. Diski ikifa, au kipakatalishi kikiibwa, imekwenda nayo. Mara moja kwa mwezi zima mchezo, nakili folda nzima ya ukunda kwenye flashi, na flashi hiyo ikae nyumba nyingine. Yetu iko kwa nyanya yao.

Jirani wa mbali

Swali ambalo watoto huuliza mara tu seva inapofanya kazi ni hili: binamu aliye Msambweni anaweza kuingia? Jibu fupi ni kwamba si rahisi. Kampuni nyingi za intaneti hazimpi kila mteja anwani yake ya hadharani. Wateja wengi hujumuishwa nyuma ya anwani moja. Seva ya nyumbani inaweza kutoka nje kuuliza, lakini wa nje hawezi kubisha hodi kwake.

Njia ipo. Unaweza kukodi seva ndogo yenye anwani ya hadharani, kisha uziunganishe nyumba mbili kupitia kwake kwa njia ya siri ya WireGuard, ambayo imo ndani ya FreeBSD tangu toleo la 13.2 la mwaka wa 2023. Lakini hapo umeanza kulipa kila mwezi, unatumia bandeli, na kebo ikikatika mchezo nao unaweza kukatika, hasa ikiwa seva uliyokodi iko ng'ambo. Ukiweza kupata iliyo Nairobi au Mombasa, ifadhilishe hiyo kuliko ya Ulaya hata kama bei imezidi kidogo. Data ya Msambweni na Ukunda itakutana humu humu nchini, mradi kampuni husika zinabadilishana data hapa.

Sisi bado hatujafanya hivyo. Binamu huja na simu yake kwa matatu siku za likizo, huunganisha Wi-Fi kabla hajavua viatu, na kuendelea pale alipoachia. Mji mpya wameuanza kwa feri, na wanabishana iwapo Msikiti wa Kongo ujengwe tena mahali pale pale au usogezwe karibu na mto.